Malisho ya Mfalme

"Ulijua tangu lini?" Xavérine aliuliza tena.

"Nimeshakwambia. Tangu walipokuja kujitambulisha."

"Walikuja miti ikiwa na majani, Baba Natacha. Tazama nje."

Gratien hakutazama nje. Alijua kuna theluji, ameiendeshea basi wiki nzima hapa Stockholm. Alikuwa amesimama mbele ya kioo kidogo cha jikoni akipambana na tai ambayo kila akiikaza ilipinda upande. "Basi tangu miti ikiwa na majani," alisema. "Unataka nipige magoti?"

"Nataka unieleze uliwezaje kukaa mezani kwangu tangu wakati huo, unaomba chumvi, unaomba pilipili, na neno hilo umelificha shavuni kama mtoto aliyekataa kumeza dawa."

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Ludovic, kijana aliyekuwa anamposa binti yao Natacha, hakuwa anauza kompyuta kama walivyoambiwa. Kampuni yake ilitengeneza vyombo vya ndege za kivita, na mteja wake mkubwa alikuwa ufalme wa Saudia, ambao kwa mwaka wa nne sasa ulikuwa unaipiga Yemeni kwa mabomu. Ndoa ikishafungwa, Ludovic angehamishiwa Riyadh na mkewe angemfuata. Xavérine alilipata jana jioni tu, kutoka kwa Ludovic mwenyewe, alipoleta kreti za vinywaji. Alimpakulia chakula, akamuuliza kazi yake hasa ni ipi, na kijana akajibu huku anafuta mdomo, bila haya wala fahari, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu. Gratien ndiye aliyeshtuka, akaanza kusifu maharage.

Na leo mchana upande wa Ludovic ungefika kwa ajili ya gusaba, siku ya kuomba mchumba. Kreti ya kwanza ikifunguliwa na chupa ya kwanza ikinywewa na wazazi wa binti, basi binti ni wao.

"Mama Natacha, sikiliza," Gratien alisema. "Hivi ni vita vya Waarabu. Saudia na Irani wanagombea ukubwa, kila mmoja anataka aitwe bwana wa eneo lile, Yemeni ikajikuta katikati. Sisi Warundi wa Hjulsta tunaingiaje hapo?"

"Unaingia kwa binti yako."

"Kijana hajamuua mtu."

"Hata mimi sijasema ameua. Nimesema wewe ulijua."

Redioni mtangazaji wa Kiswidi alikuwa anaeleza kwa sauti ya upole kwamba wajumbe wa Yemeni wamekusanyika kwenye jumba la kifahari nje ya Stockholm kutafuta amani, na kwamba Uswidi inajivunia kuwa mwenyeji. Xavérine aliizima. Alikuwa amewatunza wazee hospitalini Flemingsberg kwa miaka mingi na alizijua sauti za namna hiyo. Ni sauti za watu wanaokuja na maua baada ya mgonjwa kufa.

Gratien aliiacha tai ilivyo. "Kuna jambo moja," alisema, na kwa jinsi alivyolisema mkewe akajua kwamba mambo mengine yote yalikuwa njia ya kulifikia hilo. "Yule Ibtisam. Leo asishuke ukumbini."

"Nani?"

"Umenisikia. Wageni ni watu wakubwa. Mjomba wa Ludovic ametoka Brussels. Kazi ya kijana ikitajwa, na Myemeni amekaa pale amejifunika shungi lake, tutaficha wapi nyuso?"

"Ibtisam anatupikia wali tangu alfajiri."

"Wali ushuke. Yeye abaki."

Xavérine alimtazama mumewe. Alikuwa mwanamume mwenye shingo nene na moyo laini, ulaini ambao watu wa kanisani waliuita wema, na yeye, tangu mwaka wa pili wa ndoa, aliuita uvivu. Aliogopa sana watu wenye makoti mazuri. Akimwona mtu mwenye koti zuri kituoni, alikuwa tayari kulisubirisha basi zima kwa ajili yake.

*

Natacha aliingia na baridi yake, ufunguo wa gari la Ludovic ukining'inia kidoleni. Alikuwa amekwenda kuchukua viti vya kukodi kwa gari hilo jeusi, na viti alikuwa ameviacha chini. Alikuwa muuguzi, msichana mrefu, mwenye sauti ya kuwatuliza watu anaotaka kuwadunga sindano.

"Mnasikika hadi kwenye lifti," alisema kwa Kiswidi. Wazazi wake walimsemesha Kiswahili na yeye alijibu Kiswidi, ndivyo nyumba ile ilivyoendeshwa.

"Wewe nawe ulijua?" mama yake akamuuliza.

"Mama, ni kazi tu."

"Sijakuuliza ni nini. Nimeuliza ulijua?"

Natacha alifungua friji akaifunga bila kutoa kitu. "Nilijua. Tena unajua nini? Hata mfalme wa hapa ana picha na wale wafalme wa kule, wamekaa kwenye zulia, wanacheka. Na wewe unalipa kodi hapa. Unafikiri kodi yako inanunua bendeji tu?"

"Kodi mimi nakatwa," Xavérine alisema. "Huyu wako hakatwi. Anajipeleka mwenyewe, na suti juu."

"Ninampenda."

"Hilo nalo sijauliza."

Gratien akadakia kwamba siku ya leo si ya maneno kama haya, kwamba shangazi Adelina ameshafika kutoka Hagsätra na anapanga viti, na wao pia wasikike wakipanga viti, si wakigombana.

"Baba yako anataka Ibtisam asije," Xavérine alisema. "Wewe unasemaje?"

Msichana alitazama ufunguo. Ibtisam alikuwa jirani wa ghorofa ya chini yao. Natacha alikulia nyumbani kwa mwanamke huyo zaidi ya alivyokulia kwao, kwa sababu mama yake alikuwa kazini na baba yake alikuwa barabarani. Alimwita Khala, yaani mama mdogo. Alijifunza kutembea akishika pindo la buibui lake. Alifikiri kidogo, halafu akasema, "Pengine ni vizuri zaidi kwake mwenyewe. Asije akasikia vibaya."

"Basi mfuate ukamwambie."

"Mimi? Ninasubiriwa kusukwa."

Xavérine alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Haya," alisema. "Mmoja amejua akanyamaza, mwingine amejua akapenda, na wa kwenda kumfukuza mwenzangu nimekuwa mimi." Akafuta mikono kwenye aproni, akatoka.

*

Mlango wa Ibtisam haukuwa umefungwa. Alikuwa jikoni, mikono ya gauni imekunjwa, ameinama juu ya sufuria kubwa ambayo familia zote za ngazi ile zilikuwa zimewahi kuiazima. Alizaliwa Hudaida, Yemeni, lakini baba yake alikuwa na duka Mombasa, na alikaa huko hadi alipoota kifua. Kiswahili chake kilikuwa cha huko na hakikuwahi kuchuja. Ndicho kilichowafanya wawe marafiki yeye na Xavérine, siku ya kwanza walipogombania mashine kwenye chumba cha kufulia nguo na kila mmoja akatukana kwa lugha ambayo mwenzake aliielewa.

"Ingia, shoga. Mbona wasimama kama polisi?"

"Sikai. Wageni wako njiani."

"Onja hii."

Xavérine alionja. Ulikuwa wali wa iliki na zabibu, kila punje peke yake.

"Ibtisam, ule ukumbi ni mdogo," alisema. "Upande wa mume wameongeza watu. Nilikuwa naona, kwa vile wewe mgongo unakuuma, viti vyenyewe ni vya plastiki..."

Ibtisam aliweka mwiko chini. Alimtazama kwa muda, si kwa hasira, kwa udadisi tu.

"Wewe Xavérine, tangu lini ukajifunza kuzunguka? Wewe mtu akinuka wamwambia anuka."

Xavérine alikwepesha macho. Juu ya friji, kati ya mtungi wa chumvi na Kurani iliyofungwa kwa kitambaa, kulikuwa na kibao cha namba cha lori, kimekunjamana kona moja. Lori lilikuwa la Faisal, kaka yake Ibtisam, aliyekuwa anapeleka unga kutoka bandarini Hudaida kwenda milimani. Ndege ilimkuta barabarani mwezi wa nane, mchana kweupe, hakuna kambi wala askari karibu, unga tu. Binamu aliyepitia Uturuki ndiye aliyemletea kile kibao. Hakukuwa na kitu kingine cha kuleta. Xavérine alilala hapa usiku ule, kwenye kochi, na asubuhi yake alikwenda kazini moja kwa moja.

"Haya," Ibtisam alisema mwishowe. "Nitakaa nyumbani. Ukumbi ni mdogo. Lakini sufuria hii aishusha nani? Wali huu ukikaa washikana, wawa uji wa mgonjwa."

"Adelina atatuma vijana."

"Adelina," Ibtisam alisema, vile mtu anavyotaja hali ya hewa. Akanawa mikono, akafungua droo, akatoa kichupa cha mafuta ya udi kilichofungwa kwenye kitambaa cha kijani. "Mpe mwanangu. Ajipake nyuma ya masikio kabla hajatoka mbele za watu. Mwambie Khala yake amesema asicheke sana, bei itashuka."

Xavérine akakipokea. Hakujua mtu anaweza kujisikia mchafu hivyo kwa kupewa zawadi. Kwenye ngazi alisimama, akafikiri arudi amwambie ukweli, kisha akasikia sauti za wageni chini, akashuka. Alijidharau kila ngazi, na bado alishuka.

*

Ukumbi wa wapangaji ulikuwa kwenye ghorofa ya chini kabisa, ukuta mmoja na chumba cha kufulia. Kuna mtu alikuwa na zamu yake ya kufua, na Hjulsta zamu ya kufua haisogezwi hata kwa ajili ya posa, kwa hiyo sherehe nzima ilikwenda na mashine ikigonga ukutani. Viti vilipangwa pande mbili, vikitazamana. Katikati ilikaa kreti ya bia iliyoletwa kutoka Brussels, imefungwa utepe mweupe. Nyuma yake zilipangwa za fanta.

Adelina, dada yake Gratien, alikuwa mlangoni akipokea makoti. Alikuwa anayapima kwa vidole kabla ya kuyatundika. Koti la Mzee Fidèle, mjomba wake Ludovic na msemaji wa upande wao, alilitundika peke yake, kwenye msumari wake.

Fidèle alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye pete mbili. Alikuwa amewahi kuwa mtu wa wizara huko Bujumbura na hakuacha kuwa mtu wa wizara kwa vile tu wizara yenyewe ilimwacha. Alipoketi alinyoosha miguu kana kwamba ukumbi ni wake na wengine wote wamekuja kumwomba kitu. Ludovic aliketi kando yake, suti ya kijivu, mikono juu ya magoti, kijana safi kama sahani.

Msemaji wa upande wa binti alikuwa Callixte, kiongozi wa kwaya, mtu aliyeishi mwaka mzima akisubiri siku kama hizi. Kwa kuwa wageni walikuwa wamechanganyika, Warundi, Wakongo, Wakenya kidogo, mambo yote yalikwenda kwa Kiswahili. Callixte alianza kwa kujifanya hajui wamekuja kufanya nini. Akawauliza kama wamepotea njia, kwa maana treni ya bluu inaishia hapa na wengi hushtukia wamefika mwisho. Watu wakacheka. Fidèle akajibu kwamba hawakupotea, wamefuata harufu ya ua zuri. Callixte akasema Desemba hii maua yote ya Hjulsta ni ya plastiki. Mzaha ukanoga, hata Gratien akalegeza tai.

Ukafika wakati wa ng'ombe wa mahari. Ng'ombe wa Stockholm ni picha. Fidèle alitoa simu, akaipitisha, na watu wakamwona ng'ombe mwenye pembe ndefu amesimama mahali penye jua. Lakini picha haitoshi. Kwa desturi, msemaji wa binti lazima aulize ng'ombe huyo amelishwa wapi, amenyweshwa maji gani, nani amemchunga, na msemaji wa kijana lazima ajibu kwa kusifu. Asiyejua kusifu malisho yake hapokelewi ng'ombe wake. Ndipo wazee wanapoonyeshana ufundi, na ndipo mtu mwenye kupenda sauti yake anaposahau breki.

"Ng'ombe nimemwona," Callixte alisema. "Ana afya. Lakini sisi hatupokei ng'ombe aliyekula majani ya kuiba. Amelishwa wapi huyu?"

Fidèle alisimama, akatengeneza koti la suti. "Bon. Bwana Callixte, umeuliza swali zuri. Huyu hakulishwa pembezoni mwa barabara kama mbuzi wa watu fulani. Huyu amekula kwenye malisho ya mfalme."

"Mfalme yupi? Wa hapa?"

"Wa hapa anakata utepe, voilà, anakwenda kunywa kahawa," Fidèle alisema, na watu wakaangua kicheko. "Ninasema mfalme mwenyewe. Mwenye jangwa, na chini ya jangwa mafuta, na juu ya mafuta kiti cha dhahabu. Mfalme huyu ana jirani upande wa kusini. Masikini, mkorofi, hana viatu, lakini anatiwa kiburi na Waajemi wa ng'ambo ya maji. Mfalme akasema, nitamwadabisha. Akatoa ndege. Ndege nyingi kuliko ndege wa angani. Lakini, Bwana Callixte, ndege hizo zilikuwa na nini?"

"Tuambie."

"Zilikuwa na mbawa. Zilikuwa na moto. Macho hazikuwa nayo." Akamwekea Ludovic mkono begani. "Huyu kijana mnayemwona, mtoto wetu, ndiye aliyezipa macho. Leo jirani akitoka nje kukojoa, mfalme anamwona. Akipakia lori lake, mfalme anamwona. Bila mtoto huyu, mfalme ni kipofu kwenye kiti cha dhahabu. Sasa niambie, ng'ombe wake amelishwa wapi?"

Ukumbi ukapiga makofi. Callixte naye alipiga, kwa sababu ilikuwa imesemwa vizuri. Ludovic alitabasamu akiangalia viatu. Gratien alitabasamu nusu, nusu nyingine ya uso ikimtafuta mkewe.

Xavérine hakuwa anamtazama yeyote kati yao. Alikuwa anatazama mlango. Adelina hakuwa ametuma kijana yeyote. Alisahau, au kazi ya makoti ilimtosha. Na Ibtisam, ambaye hangeacha wali wake ushikane kwa sababu ya mtu yeyote, alikuwa ameifunga sufuria kwa kanga juu ya kigari cha sokoni, akaishusha mwenyewe. Alikuwa amesimama pale mlangoni, mkono mmoja kwenye mpini, na mvuke unapenya kwenye kanga. Alikuwa pale tangu kwenye kiti cha dhahabu.

"Asante, mama, acha hapo hapo," Adelina alimwambia haraka, akimzuia kwa mgongo. "Unaweza kwenda."

Lakini Fidèle alikuwa na moto bado, na hadhira mpya. "Nani anamfukuza mama wa watu na chakula mkononi?" alisema. "Mama, karibu. Apewe kiti. Umetoka nchi gani?"

"Yemeni," Ibtisam alisema. "Hudaida."

"Ah bon? Ni upande gani huko?"

"Upande ule mnaouona."

Hakupandisha sauti. Mashine ya kufulia ilikuwa inabadilisha mzunguko, ikanyamaza kidogo, na katika kimya hicho hata waliokuwa nyuma walimsikia. Ibtisam alimtazama Xavérine mara moja tu. Hakulaumu. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu tangu asubuhi na sasa amekiona kilipo. Kisha akainama, akaanza kuifungua sufuria yake, maana chakula ni chakula.

Ludovic alisimama. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. "Mama, samahani sana," alimwambia Ibtisam. "Mjomba anatia chumvi. Mimi niko upande wa makaratasi tu, mikataba. Na vyombo vyetu vinatazama tu. Havidondoshi kitu."

"Kaa chini," Xavérine alisema.

"Mama mkwe, ningependa tu kueleza..."

"Si mama mkwe wako bado. Kaa. Shule yetu ilipochomwa kule nyumbani, aliyewauzia wachomaji petroli alikuja kanisani Jumapili iliyofuata. Akasema yeye ni muuza petroli tu. Alikuwa na shati safi kama lako."

Callixte aliona sherehe inamponyoka. Akafanya alichokijua, akaruka mbele. Kulikuwa na desturi moja ambayo Warundi wa Stockholm waliiazima kwa Wakikuyu na kuipenda, ya kumwita binti na kumuuliza mbele ya wote kama kinywaji kinywewe. "Mambo ya dunia tumwachie Mungu," alisema, kwa sauti ya juu mno. "Binti yetu Natacha aje. Tusikie kwake."

Natacha alitoka nyuma ya pazia na imvutano, vazi la Kirundi la kujitanda, la rangi ya dhahabu, amesukwa, amependeza hata watu wakasahau kwa kitambo. Alikuwa amesikia yote, pazia si ukuta. Alisimama karibu na kreti. Harufu ya udi ilimfuata.

"Binti yetu," Callixte alisema, "hiki kinywaji kilicholetwa. Tukinywe?"

Natacha alimtazama Ludovic. Akatazama kigari cha sokoni. Akatazama sakafu. Kisha akasema kwa Kiswidi, kwa sauti ndogo, "Mwulizeni mama."

Xavérine alihisi dharau ikimpanda hadi kwenye meno. Kumbe hata huyu. Muuguzi mzima, amesoma, anaokoa watu kila zamu, ameulizwa jambo moja la maisha yake na amelitupa kama taka kwenye uwanja wa jirani. Wote ndani ya ukumbi ule walikuwa na kisingizio chao. Ludovic alikuwa na karatasi, Fidèle alikuwa na mfalme, Gratien alikuwa na Waarabu na vita vyao. Na yeye mwenyewe alikuwa na ukumbi mdogo na viti vya plastiki.

"Mama Natacha," Gratien alisema, jasho limemtoka. "Watu wanangoja. Fungua chupa."

Kifungua chupa kilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake, maana vyote vya nyumba ile vilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake. Alikitoa. Watu wakapumua. Akakitazama, akakirudisha mfukoni.

"Natacha ni mtu mzima," alisema. "Akitaka kuolewa, ana miguu, ana pasipoti, simfungii mlango. Lakini mimi kinywaji hiki sikifungui. Ukumbi nimekodi mimi, na leo asubuhi nimemdanganya rafiki yangu kwamba ni mdogo. Si mdogo. Ibtisam, wale wanaotaka wali wapakulie. Mzee Fidèle, nawe kula, umetoka mbali. Bia yako inarudi garini."

"Xavérine," Gratien alisema. Alikuwa hajamwita kwa jina mbele za watu tangu wafunge ndoa. "Utatuaibisha."

"Tumeshaaibika. Sasa tunafagia."

Akainama, akaing'oa ile kreti na utepe wake. Ilikuwa nzito, chupa zikagongana. Hakuna mwanamume aliyesimama kumsaidia, wala aliyesimama kumzuia. Adelina, pale mlangoni, alijibana kwenye makoti kumpisha.

*

Nje kulikuwa kumeshaanza kuwa giza, na madirishani taa za Krismasi zilikuwa zimewashwa, nyota kila dirisha, kila mmoja na nyota yake na mlango umefungwa. Gari jeusi la Ludovic lilikuwa mwisho wa maegesho. Xavérine alitembea na kreti tumboni, bila koti, aproni ikipepea, theluji ikiingia kwenye viatu vya ukumbini. Alipofika alikumbuka kwamba buti la gari limefungwa. Akasimama hapo, mikono inamuuma, hataki kuiweka chini. Akaona akiiweka chini, hataweza kuinyanyua tena.

Nyuma yake mlango wa jengo ulifunguka. Hakugeuka. Alisikia hatua, nyepesi, za mtu mwenye viatu visivyofaa, na akajua ni za nani. Alimlea mwenye hatua hizo, lakini hakujua zilikuwa zinakuja kupanda gari au kufanya nini, na alijiambia kwamba vyovyote iwavyo hatasema neno.

Natacha alimpita na imvutano yake ya dhahabu, pindo likilowa. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake tangu asubuhi. Alibonyeza, taa za gari zikawaka mara moja, akainua buti hadi juu.

"Weka hapa, mama," alisema kwa Kiswahili.

Wakaiweka pamoja, kila mmoja na upande wake. Natacha akafunga buti kwa mikono miwili. Kisha akauweka ufunguo juu ya boneti, kwenye theluji nyeupe, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho angeuona.